Uani kwa Maprofesa wa Jefferson

Thomas Jefferson aliwajengea maprofesa wake nyumba kumi, na tangu siku ya kwanza nyumba hizo hazikuwatosha. Alimwona mwalimu wa chuo kuwa mtu wa vitabu, ikiwezekana mseja, ambaye hahitaji zaidi ya ukumbi mmoja chini wa kufundishia na vyumba vichache juu vya kulala. Walimu walipofika walifika na wake, watoto na masanduku ya vyombo. Haukupita muda mrefu wakawa na watumwa pia. Ukisoma habari za makazi ya walimu wa Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville nchini Marekani, unasoma habari za watu waliobanana: wengine ghorofani, wengine chini ya sakafu, wengine katika vijumba vilivyojengwa uani kila nafasi ilipopungua.

Nyumba zenyewe zipo na bado zinakaliwa. Jiwe la msingi la nyumba ya kwanza, Pavilion VII, liliwekwa tarehe 6 Oktoba 1817 mbele ya marais watatu: Jefferson na James Madison waliokwisha kustaafu, na James Monroe aliyekuwa madarakani. Masomo yakaanza Machi 1825. Mwaka 1987 UNESCO iliuingiza mtaa wa nyumba hizo katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Monticello, nyumba ya Jefferson mwenyewe iliyo kilimani karibu na hapo.

Ramani ya chuo ni nyepesi kueleza. Uwanja mrefu wa majani uitwao Lawn umenyooka kutoka kaskazini kwenda kusini. Juu kabisa, kaskazini, ipo Rotunda, jengo la kuba lililoigwa kutoka Pantheon ya Roma, ambalo ndilo lililokuwa maktaba. Kila upande wa uwanja zipo nyumba tano za maprofesa, zinazoitwa Pavilion na kuhesabiwa kwa namba za Kirumi, witiri magharibi na shufwa mashariki. Kati ya nyumba na nyumba vimepangwa vyumba vya wanafunzi, 54 kwa jumla, na mbele yake inapita baraza ndefu ya nguzo. Hakuna Pavilion inayofanana na nyingine. Jefferson aliiga majengo ya Roma ya kale, huku ameshika vitabu vya Palladio, ili mwanafunzi ajifunze usanifu kwa kupita tu njiani.

Hiyo ndiyo mbele, na mbele imepigwa picha za kutosha. Makala hii inahusu nyuma.

Nyuma ya kila Pavilion ardhi inateremka ghafla. Ukiwa uwanjani unaona nyumba ya ghorofa mbili yenye nguzo nyeupe. Ukizunguka, unagundua ghorofa nyingine chini yake, yenye mlango na madirisha yanayofunguka uani. Huko ndiko yalikokuwa majiko, stoo na sehemu za kufulia, na huko ndiko walikolala baadhi ya waliopika na kufua. Jefferson alikuwa ameshaujaribu mtindo huu Monticello, ambako majiko na vyumba vya watumwa vilifichwa chini ya matuta marefu ya kutembelea. Charlottesville aliukuza. Mwanafunzi angeweza kukaa Lawn mwaka mzima, akala, akavaa nguo safi, akakuta moto umewashwa chumbani, bila kulazimika kuiona kazi ikifanyika.

Na kuta nazo zilisaidia. Baina ya ua na ua alijenga kuta za matofali zinazokwenda kwa mawimbi mithili ya nyoka. Wageni huambiwa kwamba mawimbi hayo yaliokoa matofali, maana ukuta uliojipinda husimama imara hata ukiwa na unene wa tofali moja. Ni kweli. Kinachosahauliwa ni urefu. Kuta za mwanzo zilipita kimo cha mtu mzima, na Louis Nelson, mwanahistoria wa usanifu wa chuoni hapo, amekuwa akieleza kwamba zilikuwa kizuizi cha macho na masikio. Leo nyingi zinakufika kifuani tu, na mtalii huziegemea akipigwa picha.

Matofali hayo yalitoka wapi? Udongo wa hapohapo. Uchimbwe, ukandwe, utiwe katika fremu, uanikwe, kisha upangwe tanuri na kuchomwa kwa siku kadhaa bila moto kuachwa ufifie. Aliyefanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni mtumwa, ama wa mkandarasi, ama wa kukodishwa kwa mwaka. Mkataba wa kukodisha ulianza Januari mosi na kuisha Krismasi, kwa hiyo siku ambayo wengine walisherehekea mwaka mpya, huko Virginia wako waliotenganishwa na wake zao au waume zao kwa karibu miezi kumi na miwili. Ni watumwa pia waliokichonga kilima kuwa ngazi pana za ardhi ambazo Lawn imelala juu yake. Chuo chenyewe sasa kinakadiria kuwa kati ya 1817 na 1865 watu 4,000 au zaidi walitumikia hapo utumwani.

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, akiwa na madeni ya kutisha. Januari 1827 warithi wake waliwatoa mnadani watu 130 wa Monticello, na baadhi ya wanunuzi walitoka chuoni. Arthur Brockenbrough, msimamizi wa majengo na mali za chuo, alimnunua Thrimston Hern, fundi wa mawe, aliyekuja kuweka mawe ya Rotunda. Charles Bonnycastle, Mwingereza aliyeletwa kufundisha falsafa ya maumbile, alimnunua Patsy Fossett. Baba yake Patsy, Joseph, alikuwa mhunzi hodari, mmoja wa watu wachache sana ambao Jefferson aliagiza waachwe huru kwa wosia. Uhuru wake ulikuwa uanze Julai 1827, yaani miezi sita baada ya kuwashuhudia watoto wake wakipigiwa bei. Mama yake Patsy, Edith, alikuwa amefunzwa mapishi ya Kifaransa katika Ikulu ya Washington enzi za urais wa Jefferson. Kwa hiyo binti wa mpishi wa rais akaishia kwenye nyumba ya mhadhiri. Wengi tumezoea kuwaza kwamba Waingereza kama Bonnycastle walifika wakiwa na mawazo mengine kuhusu utumwa. Labda walikuwa nayo walipokuwa melini.

Maisha ya mbele nayo hayakuwa shwari. Wanafunzi wa miaka ile walikuwa vijana wa mashamba makubwa, waliozoea kuamrisha. Sheria za chuo ziliwakataza kuja na watumwa wao, hivyo waliwatumikisha wa wenye migahawa sita iliyowalisha: mtumwa mmoja aliweza kupewa wanafunzi wapatao 20, awaletee maji alfajiri, awashe moto, ang'arishe viatu, atandike vitanda. Mwishoni mwa miaka ya 1830 wanafunzi wawili walimpiga vibaya Fielding, mtumwa wa nyumbani kwa Bonnycastle, na profesa alipojaribu kumwokoa nao wakajitetea kwamba walikuwa na haki. Mwaka 1840, usiku wa tarehe 12 Novemba, profesa wa sheria John A. G. Davis alitoka Pavilion X kutuliza ghasia, akapigwa risasi mbele ya mlango wake na mwanafunzi aliyejifunika uso, akafa siku mbili baadaye. Kifo hicho kiliandikiwa mengi na hatimaye kikazaa, mwaka 1842, ule utaratibu wa kiapo cha uaminifu ambao chuo hujivunia. Kipigo cha Fielding kilibaki katika kumbukumbu za vikao hadi watafiti wa kizazi chetu walipokifungua kitabu.

Turudi uani, maana kule ndiko nyumba zilikoendelea kukua. Wake wa maprofesa waliukuta ukumbi wa mihadhara katika sebule ambayo wangeihitaji wao, na polepole waliuteka. Mihadhara ikahamia kwingine, hasa baada ya jengo la nyongeza la Rotunda kukamilika mwaka 1853. Nyuma ya nyumba vikaongezwa vyumba. Maprofesa waliandikia bodi wakiomba jiko la nje, banda la kukaushia nyama kwa moshi, mahali pa watumishi. Vyumba vya chini vilikuwa na unyevu, na si ajabu kwamba maombi yalitaja nafasi na afya kwa pamoja: mpishi akiugua, profesa hali. Ndipo vikazuka vijumba vya matofali ndani ya ua, na vitatu vinavyojulikana zaidi bado vimesimama. Kuna Mews, nyuma ya Pavilion III. Kuna McGuffey Cottage, nyuma ya Pavilion IX. Na kuna Crackerbox, karibu na uliokuwa mgahawa wa Hotel F, ambako leo wanafunzi huona fahari kupangiwa. Vyote vimeingia karne hii na majina ya kupendeza, mfano wa nyumba za wageni.

Sasa tuangalie kilichofuata, ambacho kwangu ndicho kiini cha kisa. Mwaka 1948 Garden Club of Virginia, chama cha akina mama wapenda bustani, kilijitolea kuzifufua bustani za Jefferson. Fedha zilitokana na tiketi za juma ambalo wenye majumba mazuri huwafungulia watu milango. Msanifu wa bustani Alden Hopkins, mwenye sifa ya kazi yake huko Williamsburg, alimaliza upande wa magharibi mwaka 1952. Wa mashariki ukafuata katika miaka ya 1960. Kwa kuta alikuwa na ushahidi mzuri, yaani mchoro wa mwaka 1822 uliochongwa na Peter Maverick wa New York, unaoonyesha kila wimbi. Ila ndani ya kuta mchoro huo ni mtupu. Jefferson hakusema kipandwe nini. Hopkins akapanda alichoona kinafaa: vichochoro vya kokoto, vitanda vya maua, vichaka vilivyokatwa kwa umbo, mabenchi ya kupumzikia.

Ni bustani nzuri, na sitamlaumu anayezipenda. Lakini si za Jefferson. Umri wake ni wa mstaafu wa leo. Katika karne ya 19 mahali palipo benchi pangekuwa na rundo la kuni, au nguruwe, au kamba ya nguo, au choo. Watu walichinja hapo, walichemsha maji ya kufulia hapo, walimwaga majivu hapo. Watoto wa watumwa walicheza hapo na wale wa profesa hadi umri ulipowatenga. Urembeshaji wa miaka ya 1950, kipindi ambacho shule za Virginia bado zilitenganisha weupe na weusi, uliondoa kazi na kubakiza mapumziko, na mgeni akatoka akiamini kwamba maprofesa waliishi kwa kunusa maua.

Kinachoipa akiolojia nguvu mahali kama hapa ni kwamba ardhi haisikilizi mipango ya bustani. Uwanja uliokanyagwa miaka 40 hubaki mgumu hata ukifunikwa udongo wa rutuba. Nguzo ya banda ikioza, shimo lake hujaa udongo wa rangi tofauti, na mchimbaji mwenye jicho hulitambua duara hilo jeusi hata baada ya miaka 150. Majivu hueleza jiko lilipokuwa. Mifupa huonyesha nani alikula paja na nani aliachiwa kwato. Vigae vya sahani husema mengi zaidi, kwa sababu mitindo ya vyombo vya Kiingereza ilibadilika haraka na inajulikana ilitoka kiwandani mwaka gani. Shida ni kwamba hapo chuoni hakuna anayechimba apendapo. Kwa kawaida Benjamin Ford na wenzake wa Rivanna Archaeological Services huitwa pale bomba linapotaka kupita au jengo linapotaka kuongezwa, hivyo ramani ya tunachokijua inafuata ramani ya mabomba.

Na kuta pia huchimbwa. Pavilion X ilipokarabatiwa, kazi iliyokamilika mwaka 2010, wataalamu walichambua tabaka za rangi moja baada ya nyingine kwa hadubini. Walipofika chini kabisa hawakukuta weupe. Mbao na nguzo za mwanzo zilikuwa na rangi ya mchanga. Nyumba ikapakwa hivyo, na ukingo uliokuwepo juu ya paa enzi za Jefferson ukarudishwa. Kwa macho yaliyozoea weupe, ni kama mtu unayemfahamu ametokea amevaa nguo za mwingine. Nayo Rotunda ilitoa siri yake mwaka 2015: nyuma ya ukuta wa chini lilikuwamo tanuri la kemia la profesa John Patton Emmet, lililozibwa kwa matofali tangu katikati ya karne ya 19 na kunusurika moto wa mwaka 1895 ulioteketeza jengo. Magazeti ya Marekani yalilishangilia kama hazina ya Jefferson. Aliyebeba kuni za kulilisha hakutajwa sana.

Ugunduzi uliobadilisha mjadala haukutokea uani wala Rotunda, bali kwenye maegesho ya magari. Mwaka 1993 wafanyakazi wa upanuzi wa maegesho kusini mwa Lawn walikutana na makaburi. Uchunguzi uliofuata ukayafikisha 32. Kumbe kilikuwa kiwanja cha Catherine Foster, maarufu kwa jina la Kitty, mwanamke mweusi aliyekuwa huru, aliyekinunua mwaka 1833 na kuishi kwa kushona na kufua nguo za watu wa chuo. Ukoo wake, ulioongozwa na wanawake, uliishika ardhi hiyo hadi mwaka 1906. Mtaa uliowazunguka uliitwa Canada, huenda kwa kukumbuka nchi ambako mtoro hakurudishwa. Ndani ya ardhi vilipatikana vipande vya vyombo na vitu vidogovidogo vya maisha ya kila siku. Nadhani umuhimu wake ni huu: mashati ya mbele yalikuwa yakifuliwa huku, na kwa mara ya kwanza aliyeyafua alikuwa na jina kamili na hati ya kiwanja.

Mwaka 2012 yakaonekana makaburi mengine 67, nje ya ukuta wa makaburi rasmi ya chuo ambako maprofesa wamezikwa chini ya mawe yaliyoandikwa. Hayakufunguliwa. Wachimbaji waliondoa tabaka ya juu tu, wakaona mistatili ya udongo uliovurugwa, mirefu na mifupi, wakaipima na kuifunika tena. Mwaka 2013 chuo kikaunda tume ya kuchunguza historia yake ya utumwa, ikiongozwa na daktari Marcus Martin na mwanahistoria Kirt von Daacke, nayo ikatoa ripoti mwaka 2018. Kati ya miaka hiyo, usiku wa tarehe 11 Agosti 2017, wabaguzi wa rangi walipita Lawn na mienge mikononi, wakipiga mayowe mbele ya nyumba hizohizo. Waliouchagua uwanja huo waliutazama kwa mbele tu.

Msomaji wa Pemba anaweza kushangaa kusikia kwamba chuo hicho hakiko mbali naye kama anavyodhani. Adria LaViolette, mwanaakiolojia wa chuo hicho, ametumia miaka mingi Pujini, Tumbe na Chwaka. Pujini ndipo penye ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye simulizi za kisiwani zinasema aliwabebesha watu mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Kule Chwaka, pamoja na msikiti na makaburi ya mawe, yeye na wenzake walizifuata nyumba za miti na udongo ambazo juu ya ardhi hazikuacha kitu. Pwani yetu nayo ilisomwa kwa muda mrefu kwa majengo ya mawe peke yake, na wakaaji wa nyumba za udongo wakahesabiwa kuwa hawakuwepo. Anayejua kuitafuta nyumba iliyooza Pemba anajua cha kutafuta nyuma ya Pavilion.

Katika watu wa uani, wawili tunawafahamu vizuri kuliko wengi. William Gibbons alikuwa mtumishi wa nyumba ya William Holmes McGuffey, profesa wa falsafa ya maadili katika Pavilion IX, ambaye vitabu vyake vya kufundishia kusoma viliuzwa kwa mamilioni Marekani nzima. Tangu mwaka 1831 sheria ya Virginia ilikataza mikusanyiko ya kuwafundisha weusi kusoma. Gibbons alijifunza kwa siri, katika nyumba ya mwandishi wa vitabu vya kusomea. Mkewe, Isabella, alikuwa mpishi wa profesa mwingine, Francis Smith, kwenye uwanja huohuo. Walikuwa mume na mke, lakini kila mmoja alilala kwa bwana wake. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, William akawa mchungaji wa kanisa, Charlottesville kwanza na baadaye Washington. Isabella akawa mwalimu wa watoto weusi, akafundisha kwa miaka mingi mjini humohumo. Mnara wa kuwakumbuka watumwa hao, duara kubwa la mawe lenye kipenyo kinachokaribia kile cha Rotunda, ulikamilika mwaka 2020. Ndani yake zimechongwa alama 4,000, baadhi zina majina na nyingi hazina. Upande wa nje, ukisimama pembe inayofaa, macho ya Isabella yaliyochongwa na msanii Eto Otitigbe yanakutazama.

Lakini mnara upo nje, kando ya barabara, na mtu anaweza kuutembelea kisha akaenda kupumzika kwenye bustani akidhani ni habari mbili tofauti. Swali ambalo halijapata jibu ni la ua. Bustani za Hopkins zimezeeka kiasi cha kuwa urithi zenyewe, na wapo wanaosema kuzing'oa ni kufuta historia ya karne ya 20 ili kurudisha ya 19. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo sioni kwa nini ziwe zote kumi. Ningeanza na ua wa Pavilion III, kwa kuwa Mews bado imesimama na mchimbaji ana pa kuanzia: maua yahamishwe, uwanja uliokanyagwa ufuatwe mpaka unapokomea, ukuta uinuliwe hadi kimo chake cha zamani, jiko na choo vionyeshwe vilipokuwa. Zile tisa nyingine, Garden Club iendelee kuzimwagilia maji.